Tangu Habari za Mwisho

Agosti 9, Jumamosi

Leo ni siku ya uzi. Kila dada mjini amemfunga kaka yake uzi mkononi, kaka ameapa kumlinda, wamelishana kitu kitamu, basi, yamekwisha. Mimi nimefunga uzi kwenye usukani wa baiskeli.

Ni mwaka wa kumi na mbili nafunga baiskeli. Nyuzi za nyuma ziko palepale, zimepauka, nyingine zimebaki vipande. Baiskeli yenyewe haiendi popote, tairi zilishakufa zamani. Polisi waliileta kutoka stesheni siku tatu baada ya mdogo wangu kuondoka nayo kwenda kuchukua maua ya asubuhi. Tulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa hakuna aliyetunga koja la maua haraka kama yeye.

Niandike na hili, maana daftari halina mdomo. Asubuhi ile alininyooshea mkono nimfunge. Jana yake alikuwa amemjibu Baba vibaya, kwamba yeye hawezi kuzeeka akitoboa maua. Nikamwambia, "Sikufungi mpaka umwombe Baba radhi." Akacheka, akautia mkono mfukoni, akapanda baiskeli. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na nyumbani mke aliyemwoa miezi mitano tu nyuma. Sijamwambia mtu kwamba aliondoka na mkono mtupu.

Jioni, kati ya kikohozi na kikohozi, Baba akasema, "Mwaka wa kumi na mbili huu." Mama akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Agosti 11

Mvua. Maua ya manjano yamekuja yameloa, nusu tumetupa.

Agosti 16

Kuzaliwa kwa Krishna. Tumetunga makoja madogo ya asumini arobaini na moja ya kupamba kitanda cha kubembea cha mungu mtoto. Watu hudhani kazi yetu ni raha ya pua. Sisi hatunusi. Ua la mungu likinuswa limeshaliwa, halitolewi tena, na lililoanguka chini nalo halitolewi. Nimekulia katikati ya asumini na harufu yake naisikia kwa wizi tu, ikipita.

Hekaluni wanawake walipanga foleni kuvuta kamba ya kitanda. Mke wa Sindano, wifi yangu, alivuta naye. Jirani yetu mwenye mdomo akamwambia Mama, "Mwakani atabembeza wake." Wifi ana miaka thelathini na mmoja. Mara ya mwisho kumwona mumewe alikuwa na kumi na tisa. Na yeye akatabasamu, akaachia kamba, akaniuliza kama nimefunga dirisha la nyumbani. Nikawaza, mwanamke huyu ana barafu mahali pa damu. Ndivyo nilivyomuwazia miaka yote.

Agosti 20

Baba alitoka peke yake na mwavuli na akarudi ameloa vilevile. Alikwenda kwa kuhani.

Kwetu mtu akipotea miaka kumi na miwili bila habari huhesabiwa amekufa. Ndugu zake humtengeneza mtu wa nyasi, wakamchoma badala ya mwili, roho ikapata njia. Kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kumlilia, na mkewe ni mke wa mtu. Baba anataka ifanyike mwezi ujao, katika wiki mbili za wahenga, siku ya mwisho mwezi ukiwa gizani. Siku ile ni ya wafu wote ambao hakuna ajuaye walikufa lini. Daktari amemwambia Baba jambo kuhusu mapafu yake ambalo hataki kutuambia. Anataka kumchoma mwanawe kwa mkono wake mwenyewe angali ana mkono.

Kuhani amekataa. Amesema miaka haihesabiwi tangu mtu alipoondoka, inahesabiwa tangu habari za mwisho. Na habari za mwisho za Sindano zina miaka saba tu. Yule dereva wa lori la mawaridi.

"Bado mitano," Baba akasema akivua viatu. "Sina mitano mimi."

Mama akasema Mungu ashukuriwe. Wifi akaendelea kutunga. Mimi nilijidunga kidole, nikatia damu koja zima la mawaridi meupe, ikabidi litupwe.

Dereva wa lori la mawaridi hajawahi kuwepo. Nilimzua mimi. Mwaka wa tano Mama aliacha kula. Siku ya tisa nikarudi kutoka sokoni nikamwambia kuna dereva amemwona Sindano mji wa mbali, mzima, ana ndevu, na amemuulizia mama yake. Mama akaomba uji. Nilidhani uongo ule utaishi wiki moja, mpaka apate nguvu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetembea miaka saba na haijaomba hata maji ya kunywa.

Agosti 27

Ameingia Ganesha mwenye kichwa cha tembo, mwondoa vikwazo. Wetu ni sanamu ya udongo mbichi, mgeni wa siku kumi. Nikamvika koja jekundu, nikamwomba aondoe kikwazo kilichomzuia Baba. Nikakumbuka kikwazo ni mimi.

Agosti 30

Mvua. Magunia ya kufunikia maua yameota ukungu. Baba amelala mchana kutwa.

Septemba 2

Amekuja kaka yake wifi, mtu wa haya, alikaa inchi moja tu ya kiti.

"Mzee, sikuja kuvunja nyumba," akamwambia Baba. "Kuna mtu, fundi saa. Alifiwa na mke, ana binti mdogo. Ameniuliza habari za dada yangu. Nikamwambia dada yangu ana mume. Akaniuliza, yuko wapi? Nikakosa la kumjibu."

"Ingekuwa shauri langu, ningemwachia leo," Baba akasema. "Kuhani amesema miaka mitano."

"Atakuwa na thelathini na sita."

"Najua kuhesabu, mwanangu."

Wifi alikuwa anamimina chai, wala haikumwagika hata tone, kama vile wanaozungumzwa ni watu wengine. Nilimfuata jikoni. Nina mdomo mbaya mimi, sijui nilirithi kwa nani. Nikamwambia, "Naona Sindano umeshamsahau."

"Sukari inaisha," akasema. "Ukitoka kesho ukumbuke."

Septemba 6

Leo tumemsindikiza Ganesha mtoni. Baba huwa anatueleza maana yake kila mwaka, na mwaka huu alieleza kwa pumzi za kukopa: unampokea mgeni, unamlisha, unamzoea, halafu unamzamisha kwa mikono yako mwenyewe. Ndiyo maana udongo wake hauchomwi, lazima ayeyuke. Anayetaka kubaki naye hajaielewa sikukuu.

Ngoma zilipokwisha watu wakaanza kupanda ngazi za mto. Wifi alibaki ngazi ya chini, maji yanamfika vifundoni, anaangalia pale udongo ulipozama. Nikamwambia twende, utapata homa. Hakugeuka.

"Miaka saba iliyopita nilikuwa nimeshafunga begi," akasema.

"Begi gani?"

"La kurudi kwetu. Baba alikuwa amenikubalia. Kaka angekuja Jumapili kunichukua. Jumatano ndiyo ukaja wewe na habari za dereva."

Nikakaa kwenye ngazi iliyoloa.

"Nikalifungua begi. Mtu mwenye mume hai ataenda wapi? Na nilifurahi, wifi, usidhani sikufurahi. Nilifurahi mwaka mzima. Halafu ikawa kila siku ya wake nafunga, sili, sinywi, naungoja mwezi utoke ili nimwombee umri mrefu, na moyoni namuuliza: wewe uliye hai, mwenye ndevu, unayejua mlango wa kwenu, mbona huji? Mfu ningemsamehe. Aliye hai ndiye nimemchukia, na nimemchukia huku kila sikukuu nampikia sahani yake." Akakamua pindo la nguo yake. "Sasa twende."

Jumatano ile alikuwa na miaka ishirini na minne. Nakumbuka hata nguo aliyovaa. Nilimwona akilia nikafikiri nimefanya jambo jema kwa watu wawili mara moja.

Septemba 8

Zimeanza wiki mbili za wahenga. Hakuna harusi, hakuna nguo mpya, hakuna anayeanza jambo. Ni zamu ya wafu kula: wali wa kufinyanga na ufuta, fungu la kunguru kwanza, watu baadaye. Asiye na mtu wa kumlisha hulala njaa huko aliko. Baba aliwataja baba yake, babu yake, baba wa babu. Akafinyanga tonge jingine kabla ya kutaja jina. Mama akamwangalia vile ambavyo tungemwangalia mtu aliyeshika kisu, na Baba akaendelea na wengine.

Septemba 10

Sikusema.

Septemba 11

Mvua. Sikusema.

Septemba 13

Nilifungua mdomo wakati wa chai, wote wanne tumekaa. Wote wakanitazama. Nikaomba chumvi. Nani anatia chumvi kwenye chai? Wifi akanipa bila kuuliza, na ikanibidi niinywe.

Nikisema, Mama atamzika mwanawe na mimi ndiye nitakayekuwa nimempa jembe. Nisiposema, wifi atakaa humu hadi nywele zimuote mvi chini ya rangi nyekundu ya wenye waume, na Baba atakufa na deni la mwanawe. Na kuna jingine, la aibu kuliko yote. Sindano akiwa hai hata kwa uongo wangu, mkono wake nitaufunga siku moja. Akichomwa, amekwenda mtupu milele. Miaka saba nimesema nilimdanganya Mama kwa ajili ya Mama. Nusu yake ilikuwa kwa ajili yangu.

Septemba 14

Sikusema.

Septemba 16

Baba ameanguka uani. Tulimwinua mimi na wifi, mwepesi, mifupa na shati. Alipopata pumzi akanishika kifundo cha mkono.

"Mimi nikitangulia, nani atamchoma?" akasema. "Wa kiume anayebaki ni mpwa wangu, naye hamjui. Atamsahau siku hiyohiyo. Mtoto atabaki njiani, mwanangu, hapa si kwake na kule hawajampokea."

Nikamwambia apumzike. Ndilo neno la watu wasio na la kusema.

Septemba 18

Nimesema.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua nyembamba. Sote wanne tulikuwa chumba cha kazi, ndoo katikati, kila mtu na uzi wake. Hakuna kilichonisukuma. Nilimaliza koja, nikafunga fundo, nikaona mikono yangu haina kazi. Nikasema, "Yule dereva hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilimzua ili Mama ale."

Baba ndiye wa kwanza kuelewa, nadhani kwa sababu ndiye aliyekuwa akihesabu. Alifumba macho.

"Ndevu," Mama akasema. "Ulisema ana ndevu."

"Nilizizua, Mama."

"Na kuniulizia?"

"Na hilo pia."

Akayarudisha ndooni maua yaliyokuwa mkononi mwake. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Rama alikaa msituni miaka kumi na minne," akasema. "Kumi na minne, na walimngoja, na alipokuja wakamwashia taa, na mpaka leo dunia nzima inawasha taa. Wangu mnataka kumchoma kwa kumi na miwili." Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu.

Wifi alichomeka sindano yake kwenye mto wa sindano. Akatoka uani akasimama kwenye mvua. Nilimfuata, mjinga mimi, nikiwa na upande wa kanga mkononi, sijui nilitaka kumfunika au kujifunika.

"Miaka saba," akasema.

"Ndiyo."

"Nipe."

"Sina, wifi."

"Najua huna." Alikuwa anatetemeka. Barafu gani? Nilikuwa mpumbavu. Huyu mtu alikuwa amejibana kwa mikono yote miwili miaka kumi na miwili asije akapasuka mbele yetu. "Ondoka mbele yangu," akasema, "maana nitakupiga, na nikianza sitajua pa kuachia."

Nilirudi ndani. Baba alikuwa ameketi vilevile, maua mapajani. "Kamwite kuhani," akaniambia. Halafu, nikiwa mlangoni, "Ungenifungulia mlango huu mapema, ningemuaga kwa miguu yangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hata hakuyafuta.

Septemba 19

Kuhani amehesabu upya. Bila dereva, ni miaka kumi na miwili na siku arobaini na moja. Itafanyika Jumapili hii.

Mama hasemi nami. Amepita mara tatu mlangoni kwangu.

Septemba 21, Jumapili, mwezi gizani

Mvua ilikatika alfajiri.

Mtu wa nyasi hutengenezwa kwa vijiti mia tatu na sitini, kila kimoja mfupa. Arobaini kichwani, kumi shingoni, ishirini kifuani, hivyo hivyo mpaka vidole vya miguu. Nazi ndiyo fuvu. Kazi ni ya wanaume, na wanawake hukaa ndani. Lakini kila alichofunga Baba kilifunguka. Mpwa wake hajui kufunga hata kamba za viatu vyake. Mfupa wa mguu ulianguka mara mbili. Kuhani akaanza kulitazama jua.

Baba akasema, "Mwiteni binti."

Kuhani akasema si desturi.

"Desturi ni mtoto asiende vipandevipande," Baba akasema. "Humu ndani hakuna anayejua kufunga kama huyu."

Basi nikamfunga. Nilimfunga kama tunavyofunga makoja makubwa ya hekaluni, uzi uliolowekwa, vifundo vilivyofichwa kwa nyuma. Nilianza miguuni. Nilipofika mabegani nilikuwa nimeshajua urefu wake bila kupima, maana mwili wa ndugu yako unaujua. Tulilala mkeka mmoja hadi nina miaka tisa. Baba akashika nazi, nikaifunga shingoni. Tukamvika nguo nyeupe. Nikamvika koja la maua ya manjano, si zuri kama makoja yangu ya kila siku.

Halafu nikatoa uzi. Nilikuwa nao tangu asubuhi ndani ya nguo, mwekundu, uleule niliouvua kwenye usukani kabla hawajaamka. Nikaushika mkono wa kulia, vijiti kumi na viwili na majani, nikaufunga. Nikamwambia kimoyomoyo, usimwombe mtu radhi, nenda tu. Kuhani aliona. Akageuka akajishughulisha na samli yake.

Kandoni mwa mto Baba alitia moto mwenyewe. Nyasi haziungui kama mtu, nilivyosikia. Zinawaka mara moja, zinakwisha. Mpwa anasema ilichukua muda wa kunywa chai. Baba alirudi akakaa kizingitini, akasema, "Mwepesi. Alikuwa mwepesi kweli." Akalala palepale, usingizi ambao sijamwona nao tangu mwaka jana.

Wanawake wa mtaa walikuja kumvunjia wifi bangili za ndoa, kama wanavyomfanyia kila mjane, ndiyo kazi yao. Wifi akawaambia hapana haja. Akazivua mwenyewe moja moja, akazipanga dirishani, akanawa rangi nyekundu kwenye bomba la uani kama anavyonawa uso kila siku. Jirani mwenye mdomo alitamani vilio. Hakupata.

Mama hakutoka chumbani. Nilimsikia akiimba wimbo wa kubembelezea mtoto, mstari wa kwanza tu, unarudi.

Septemba 22

Navaratri imeanza, masiku tisa ya Mama Mungu, kazi yetu kubwa kuliko zote za mwaka. Sisi tuna najisi ya msiba, siku kumi. Hakuna anayegusa ua lililoguswa na nyumba hii.

Septemba 24

Ngoma mtaa wa pili. Asumini iliyokuwa imeshaagizwa imekuja, hakuna wa kumpa. Nimejaza viganja viwili, nikazamisha uso, nikanusa. Nina miaka thelathini na minane, na ni mara ya kwanza. Ni harufu nzuri mno. Nililia mpaka nikapaliwa.

Septemba 27

Mama hasemi nami.

Oktoba 1

Najisi imekwisha, tumeoga, tumefua, nyumba imenyunyizwa maji. Ni siku ya tisa ya Mama Mungu. Hekaluni waliwaosha miguu wasichana wadogo tisa wakawalisha, kwa kuwa Mama yumo katika kila mwanamke. Ndivyo alivyohubiri kuhani, na wanawake wote wakaitikia kwa vichwa.

Wifi akasogea na sinia la maua tuliyotunga. Jirani akalichukua mikononi mwake, kwa upole kabisa. "Mjane hashiki sinia la Mama," akasema. "Tusije tukaleta mkosi."

Mimi siku hizi nilikuwa nimejifunza kunyamaza, lakini kujifunza kuna mipaka. Nikamwambia, "Kumbe huyo Mama yumo katika kila mwanamke ila huyu mmoja? Alimkosea wapi?" Nikamnyang'anya sinia, nikamrudishia wifi. Walisogea wote pembeni kana kwamba tumemwaga mafuta ya moto. Wifi alilibeba hadi mbele, akaliweka, akarudi. Njiani hakuniambia kitu, ila alitembea upande wangu wa barabara.

Oktoba 2

Dasara. Uwanjani wamechoma jitu la majani makavu lenye vichwa kumi, uovu umeshindwa na wema, watu wanashangilia. Nilipoona nyasi zinashika moto nilirudi nyumbani mbio, na wifi nilimkuta ameshatangulia.

Oktoba 5

Mama amemwambia Baba aniambie nisogeze ndoo. Mimi nipo hapo hapo.

Oktoba 10

Siku ya wake. Tangu alfajiri mtaa mzima wa wenye waume hauli wala haunywi hadi mwezi utoke.

Saa moja asubuhi wifi alikuja jikoni. Akakata mkate, vipande vinne. Akapaka siagi hadi kwenye kona. Akamimina chai kikombe kikubwa, akatia sukari vijiko vitatu, akakaa mbele yangu. Alikula polepole, kila kipande, anatafuna akiniangalia machoni. Sikuthubutu kuinuka. Alipomaliza akalamba kidole akaokota na makombo.

"Miaka kumi na miwili nilifunga," akasema. "Mitano kwa mume wangu. Saba kwa mtu wako wa kuzua."

"Ndiyo."

"Kuna jamu?"

Nikaenda kununua. Nilikimbia, mtu mzima kama mimi, nikapita katikati ya wanawake wote wenye njaa na chupa ya jamu mkononi.

Oktoba 14

Mvua moja ndogo, ya kuaga.

Oktoba 20

Diwali. Nyumba ya msiba haiwashi taa. Mtaa wote ulikuwa unawaka, kila kizingiti na taa zake za udongo, ili Rama aione njia ya kurudi. Mlango wetu ndio ulikuwa jino lililong'oka. Mama alikaa kizingitini gizani na taa moja isiyo na mafuta mapajani, anaigeuza na kuigeuza. Baba akakaa naye. Baada ya muda Baba akaichukua taa ile mkononi mwa Mama, naye Mama akaachia. Nilitaka kwenda kukaa miguuni pa Mama. Nilifika hadi mlango wa kati nikarudi.

Oktoba 23

Siku ya kaka, ya mwisho katika mlolongo wote. Dada humpaka kaka yake alama kwenye paji la uso, humlisha, humwombea kifo kisimwone.

Kaka yake wifi alikuja asubuhi, na wifi akampaka alama hapahapa kwetu, akamlisha kwa mkono. Halafu akatoa begi chini ya kitanda. Begi lilelile, kamba moja imekatika. Anarudi kwao, na ya fundi saa wataongea huko, pole pole, kwa hiari yake. Baba alimwekea mikono kichwani. Mama alimkumbatia kwa muda, na akamfungia mashuka mawili mapya.

Mlangoni akanigeukia. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Siku nikikusamehe nitakuja mwenyewe kukwambia. Usitume mtu kuniuliza." Akatia kamba begani. "Wala dereva." Nusura acheke. Nikaingia ndani kabla sijaharibu.

Sasa ni jioni. Nilikuwa chumba cha kazi, natunga koja la harusi ya watu. Mama akaingia na sahani. Niliijua, ni ya Sindano, ile ya ukingo wa bluu, ambayo kila sikukuu kwa miaka kumi na miwili imewekewa chakula na hakuna aliyekaa mbele yake. Akakaa kwenye kiti cha wifi, akaiweka kati yetu. Siku thelathini na tano hajasema nami.

"Yule dereva," akasema. "Alimwona wapi?"

"Mama."

"Nimekuuliza."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa ya mtu mwenye akili zake zote. Alisikia nyasi zikifungwa, alifua nguo za msiba kwa mikono yake. Alijua, na alijua kwamba najua anajua.

"Stesheni," nikasema. "Mji wa mbali kidogo."

"Amevaa nini?"

"Shati jeupe. Limefuliwa vizuri."

"Ndevu?"

"Fupi, Mama. Zimempendeza. Akakuulizia."

Akaitika kwa kichwa. Akamega chakula, akakishika bila kukipeleka mdomoni. "Na mkono wake?" akauliza. "Nilikuwepo dirishani asubuhi ile. Nilimwona anautia mfukoni."

Miaka kumi na miwili alikuwa anajua, na hakuwahi kunirushia neno hilo hata siku moja. Sindano ilinitoka vidoleni ikaingia kwenye maua, na bado sijaipata. Nilimwambia, "Una uzi, Mama. Mwekundu. Nilimfunga mwenyewe."

"Vizuri," akasema. Akala, halafu akanisogezea sahani, nami nikala.